Dakika Saba Zilizoliwa na Mashine

Benchi letu limeegemea ukuta katikati ya kibanda changu cha kinyozi na duka la Fundi Redio, mtu anayetengeneza kila kitu isipokuwa redio. Mguu mmoja wa benchi ni matofali matatu, kwa hiyo anayecheka sana hukaa upande wa ukutani. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa limejaa na ugomvi ulikuwa umeshaiva. Ile filamu yetu ya rege, ya mpiga besi wa kiwanda cha barafu ambaye ndugu yake aliiba gitaa lake akaliuza, naye akamsaka mji mzima, imetolewa upya kwenye diski, imesafishwa picha kwa picha. Shemeji yake Fundi amerudi nayo kutoka safari. Enzi zetu tuliitazama mara zisizo na idadi kwenye banda la video, na aliyekuwa akisimama pembeni na kipaza sauti kututafsiria ni huyu huyu Sauti, ambaye asubuhi hii alikuwa amekalia kasha la diski na hataki kuinuka.

FUNDI: Inuka bwana, utaipasua.

SAUTI: Naipasha joto. Vitu vya safari havitaki papara.

FUNDI: Televisheni nimeshaiwasha!

SAUTI: Kwani nimekukataza kutazama? Tazama taarifa ya habari.

FUNDI: Jamani, mimi hilo jalada tu limenimaliza. Jua kali! Mpiga besi kasimama juani mpaka kivuli chake kinaonekana.

WAKILI: Jua gani? Filamu ile mwanzo mwisho ni mvua.

FUNDI: Haikuwa mvua. Ilikuwa mikwaruzo ya mkanda.

Nikatoka nje na kitana mkononi. Jambo kama hilo huwezi kulisikilizia ndani.

WAKILI: Sauti! Si ulituambia nchi ile haina kiangazi?

SAUTI: Mwaka ule haikuwa nacho.

WAKILI: Ukasema anakohoa kwa sababu ya kunyeshewa!

SAUTI: Alikohoa, hakukohoa?

Wakili si wakili. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, akatoa ushahidi wa pande zote mbili, na tangu siku hiyo haamini kwamba kuna jambo lililokwisha.

WAKILI: Mimi nasema mvua ilikuwepo, wameifuta. Serikali yao inatafuta watalii. Nani atapanda ndege kufuata mvua? Haba na haba hujaza kibaba.

FUNDI: Hapo haba na haba inaingiaje?

WAKILI: Haijaingia bado. Nimeitanguliza.

MIMI: Na yule mpelelezi je? Yule aliyekuwa akijibanza nyuma ya mlango wa studio?

FUNDI: Shemeji alitazama robo saa kabla hajasinzia. Anasema nyuma ya mlango hakuna mtu. Lilikuwa doa.

WAKILI: Doa! Mimi nimeliogopa doa miaka yote hii?

SAUTI: Ndiyo ubaya wa kusafisha kupita kiasi. Mtu kasimama gizani, kavaa koti jeusi, unategemea asifutwe?

WAKILI: Basi niwaambie kitu. Waliofuta mvua na mpelelezi hawashindwi na kitu. Hata mpiga besi mwenyewe si yule. Yule amezeeka, anaumwa magoti. Wamemweka mwanawe.

FUNDI: Mwanawe aingie vipi kwenye filamu ya kabla hajazaliwa?

WAKILI: Ndiyo maana imechukua muda mrefu kutoka!

Tukacheka, benchi likayumba. Asiyecheka alikuwa Dobi. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi, na Dobi si mtu wa kuachia kahawa ipoe.

DOBI: Na mwisho je?

Hapo Sauti akajikalisha vizuri zaidi juu ya kasha.

Inabidi nieleze, maana hili ndilo lililokuwa linatukereketa wote. Mkanda wetu ulitufikia ukiwa mgonjwa. Mpiga besi anamkuta ndugu yake gatini. Gitaa ameshalipata, analishika shingoni, analiinua juu ya kichwa cha ndugu yake, na hapo hapo kioo kinakuwa cheusi. Mashine ya mtu fulani huko ulikotoka ilikuwa imeshaila sehemu hiyo. Dakika saba za mwisho hakuna aliyewahi kuziona. Sauti alikuwa akizisimulia gizani, na sisi tukiziona kwa masikio: gitaa linashuka polepole, mpiga besi anampigia ndugu yake wimbo, wanalia, wanaongozana kwenda kwa mama yao.

DOBI: Nakuuliza wewe, Sauti. Mwisho ule uliutoa wapi?

SAUTI: Kwenye filamu.

DOBI: Filamu ilikuwa imekwisha.

Kuuliza kwake kulikuwa na sababu, na pale kijiweni sote tuliijua. Dobi alikuwa fundi cherehani, tena mzuri. Siku moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, alirudi nyumbani akakuta meza tupu: mdogo wake kaiuza cherehani, na mwenyewe hayupo. Dobi akachukua nondo. Kwa kuwa alijua mdogo wake hurudi jioni, akaingia bandani kupoteza muda. Akatoka bila nondo, akaenda nyumbani, akamwambia mdogo wake, "Yamekwisha." Nyumbani ilikuwa imebaki pasi ya mkaa, basi wakaanza kufua na kupiga pasi nguo za watu, wawili, mpaka leo. Ile nondo tuliifanya komeo la mlango wa banda.

SAUTI: Niseme ukweli?

WAKILI: Sema, tuko wengi, hutaumia peke yako.

SAUTI: Lugha ile sikuielewa. Mimi Kiingereza nilisoma, lakini kile kilikuwa Kiingereza kilichovua viatu. Nilikuwa nashika neno moja katika kumi. "Mama." "Mvua."

FUNDI: Na mvua haikuwepo!

SAUTI: Basi moja katika ishirini. Mwisho niliutunga. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyesha mkanda ule, kioo kikazimika, watu wananitazama. Na wewe, Dobi, ulikuwa mstari wa mbele, nondo mapajani. Ulitaka nikuambieje? Kwamba akampasua?

Dobi akaiweka bilauri chini.

DOBI: Kwa hiyo nilisamehe kwa maneno ya kutunga.

SAUTI: Ulisamehe, basi.

DOBI: Usinibabaishe! Miaka ishirini na miwili namwangalia yule, nauambia moyo wangu, hata yule mpiga besi aliweza. Kumbe hakuna aliyeweza, ni wewe na kipaza sauti chako. Inuka. Nataka nione alichofanya mwenyewe.

FUNDI: Alimpiga. Mtu hainui gitaa juu vile kwa ajili ya kupunga upepo.

WAKILI: Hata kama alimpiga, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gitaa linaungwa.

FUNDI: Na kichwa?

WAKILI: Kichwa hakimo kwenye methali.

DOBI: Sauti, inuka kabla sijakuinua.

Sauti akainuka. Kwa kweli nilimhurumia. Alisimama pale kama mtu aliyevuliwa cheo mbele ya watoto wake. Fundi akalitwaa kasha, akalifuta kwa shati, na tulipogeuka kuingia dukani tukamwona mdogo wake Dobi amesimama nyuma yetu, mashati ya mteja begani. Huyu hakai kijiweni. Hupita, husalimia, hupita tena.

MDOGO: Samahanini wakubwa. Kaka, nimekuja kuuliza haya mashati yanatiwa wanga au hapana.

DOBI: Umefika saa ngapi?

MDOGO: Kwenye nondo. Habari ya nondo nilikuwa siijui.

Mimi nikaangalia kitana.

MDOGO: Lakini niwaulize, nyinyi mlioitazama sana. Yule ndugu, gitaa aliliuza kwa nini?

Tukamtazama Sauti. Sauti akafumbua mdomo, na mtu huyu niliyemfahamu tangu tukiwa na meno ya utoto, hakupata neno hata la kutunga. Fundi akaligeuza kasha, akasoma maandishi ya nyuma kidole kikifuata mstari, akafika mwisho, akaanza tena. Wakili akainua kidole cha methali, akakishusha. Tuliijua rangi ya viatu vya mwizi. Tulimlaani kila Jumamosi. Kumwuliza, hakuna aliyewahi.

MDOGO: Basi, nilitaka kujua tu. Haya mashati je?

DOBI: Yaache mashati. Kaa.

Mdogo wake akakaa ukingoni, upande wa matofali. Dobi akamgeukia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye.

DOBI: Na wewe cherehani uliiuza kwa nini?

MDOGO: Mama ndiye aliyenituma niiuze.

DOBI: Mama? Mama huyu aliyekufa akiniambia nikusamehe?

MDOGO: Aliniapisha nisikuambie mpaka uniulize mwenyewe. Hukuniuliza, kaka.

Nikaingia kibandani, nikachukua ufagio, nikafagia mahali nilipokuwa nimeshafagia.