Dorothea Penhallow na Nyambizi Zilizongoja Bure

Ijumaa hii, tarehe 24 Septemba 1976, Bi Dorothea Penhallow anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu miaka thelathini na sita.

Alikuja kutoka Cornwall, Uingereza, vita na Ujerumani vikiwa vimepamba moto, mwalimu wa Kijerumani mwenye baiskeli mbovu na koti la marehemu baba yake. Akapangiwa kibanda cha mbao chenye baridi kali, kufumbua salamu za siri za jeshi la majini la adui. Wenzake walimpenda kwa utani wake, ila supu yake ya kabichi waliikimbia.

Novemba 1941 alifumbua ujumbe uliotaja mahali nyambizi zilipojipanga kuuvizia msafara wa meli za ngano kutoka Kanada. Neno moja lilikuwa limeharibika hewani. Likisomwa hivi, kaskazini ni salama. Likisomwa vile, kaskazini ndiko kwenye kifo. Dorothea akalilinganisha na salamu nyingine za mtumaji yuleyule, ambaye vidole vyake vilizoea kuteleza kwenye herufi zilezile. Akaamua: meli zipite kaskazini.

Mkuu wa kibanda, Bwana Lathbury, alimkazia macho.

“Una hakika, Bi Penhallow? Tukikosea, tumewazika watu.”

“Nina hakika.”

Meli zikageuzwa, zikafika Liverpool zote. Ndipo Lathbury aliposikia kwamba Jory, mdogo wake Dorothea, alikuwa mpishi katika mojawapo.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungedhani nasoma kwa moyo, si kwa macho.”

Krismasi hiyo Jory alirudi nyumbani akijigamba. “Nahodha wetu ana pua, mama! Alizinusa nyambizi! Wewe dada endelea kupiga taipu huko ofisini, vita tuachie wenyewe.” Mama akacheka hadi machozi. Dorothea alikuwa ameapa kutunza siri. Akammiminia mdogo wake chai.

Vita vikaisha, yeye akabaki. Wengi wetu tulifunzwa kazi hii naye, kwa subira na kwa kufinywa sikio kidogo. Ruhusa ya kusema ilipotoka juzijuzi, alikwenda kumweleza Jory, ambaye sasa ni babu mwenye wajukuu. Jory akashika kichwa.

“Na mimi nilikucheka mbele ya mama.”

“Ulicheka ukiwa hai, mjinga wewe. Nilitaka nini zaidi?”

Dorothea, ahsante kwa yote, hata kwa yale tusiyoruhusiwa kuyaandika hapa. Nenda ukale pensheni yako kwa raha. Tunakuombea afya njema na siku nyingi zenye furaha.