Mzee Aristides Mlay na Aliyemfungulia Zimwi Mlango

Marehemu Aristides Mlay alizaliwa tarehe 3 Machi 1931, Kilema, wilaya ya Moshi, akasoma shule ya misheni hukohuko hadi darasa la nane. Mwaka 1953 alishuka Dar es Salaam, akafungua duka la rejareja Mtaa wa Msimbazi. Alifunga ndoa na Severa mwaka 1957, na mpaka anafariki alikuwa bado anachunguza kwa nini alikubaliwa.

Mwaka 1977 alitoa kitabu cha watoto juu ya Zimwi Gubu, aliyeishi chini ya soko la Kariakoo akiiba sauti za watu. Kilipendwa mno. Watoto wakawa wanaingia dukani bila kununua hata kiberiti.

"Shikamoo mzee. Gubu kafa kweli?"

"Marahaba. Nani kasema kafa?"

Basi ikabidi aandike cha pili. Humo, mwenye duka mmoja anamfungulia Gubu mlango kwa siri. Mzee aliwasimulia watoto sura moja moja bila kumtaja msaliti. Alisema tu kwamba miwani yake hukaa kwenye paji la uso. Mtaani petu mwenye miwani ya namna hiyo alikuwa mmoja: jirani na rafiki yake, Bwana Harilal, muuza vitambaa. Watoto wakaanza kumchungulia na kukimbia. Na miaka hii ya msako wa wahujumu uchumi, ikinong'onwa tu kwamba una siri dukani, unalala ndani. Harilal akanuna, akakoma kuja kunywa chai.

"Bwana Aristides, ni mimi?" aliuliza siku moja, amesimama mlangoni.

"Utasoma kama wenzako."

Mwaka 1982 mzee aliugua sukari, wakati sukari yenyewe haionekani madukani. Ikampofusha. Harilal akajitolea kumwandikia, na wala si kwa huruma: "Nikisikia jina langu, naichana karatasi!" Kila alasiri aliandika akimkazia macho kama askari anayehoji mwizi.

Julai mwaka huu wa 1984 wakafika sura ya mwisho. Msaliti akavua miwani ya kuazima, kumbe ni muuza duka mnene kutoka mlimani, anayeimba kwaya akipima maharage.

Harilal akaweka kalamu chini. "Huyu si wewe?"

"Ulitaka awe nani?"

"Watoto watakuchukia, kaka. Afadhali uniweke mimi!"

"Andika, bwana."

Aliandika. Aliandika nini, hatujui, maana kitabu bado hakijatoka, mzee hakuona, na Harilal mwenyewe ndiye aliyepeleka karatasi kwa mchapaji, hakutaka kusindikizwa.

Mzee alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Septemba 1984. Ameacha mjane, Severa, watoto, Candida na Melkiori, wajukuu watano, na Bwana Harilal, ambaye asubuhi hii tumemuuliza kamwandika nani, akageuka kupangusa macho.

Mzee wetu, pumzika salama.