Mzee Mkanda Avua Joho

Leo ni tarehe thelathini Juni. Ni mwaka wa thelathini na mmoja tangu mimi na Mzee Mkanda tuondoke kwetu katika lori moja, na wa ishirini na sita tangu aanze kazi katika ofisi hii ya mawakili. Jioni hii anastaafu. Wiki ijayo anarudi nyumbani, na amenitaka twende wote. Jarida la ofisi limenipa ukurasa nimsifu. Nitamsifu, ingawa miaka yote hiyo nimemwonea kijicho, na mwenyewe anajua.

Alianza kama karani wa majalada, kwa kuwa vyeti vyetu vya sheria havikutambuliwa huku. Tulirudi darasani pamoja, watu wazima na mvi zetu. Mimi nilifaulu mtihani kabla yake, jambo ambalo hakuna anayelikumbuka ila mimi. Jioni alifundisha judo katika ukumbi ulio nyuma ya gereji, na asubuhi mkoba wake ulinuka jasho chumba kizima tulichogawana. Jina alipewa na dada wa mapokezi, siku alipoingiza mkono mkobani kutafuta jalada akamtolea mteja mkanda mweusi.

Alipenda kutueleza judo wakati wa chakula cha mchana, akinitumia mimi kama mfano. Usishindane na nguvu ya mtu. Akikusukuma, mvute. Na kabla hujajua kuangusha, jifunze kuanguka. Niliyaona ni maneno ya mtu asiyetaka kurudi kazini.

Kisha ikaja kesi ya fundi wa kiwanda cha magodoro, mama aliyekatwa vidole na mashine ya kupasulia sponji. Jalada lilikuwa langu. Tatizo ni kwamba kinga ya mashine aliiondoa yeye mwenyewe. Nilipanga tulipite hilo kimyakimya, tukiomba wakili wa bima asilifikie. Mkuu wa ofisi akalihamishia jalada kwa Mkanda. Naye akamwambia yule mama, "Dada, anguka mwenyewe kabla hawajakuangusha."

Mahakamani swali lake la kwanza lilikuwa: nani aliiondoa kinga? "Mimi," akajibu mama. Nilikuwa nimekaa nyuma, na nakiri moyo wangu ulitulia, nikajua leo Mkanda kaumbuka.

Wakili wa bima alikuja na maswali ya kumfichua mwongo, na mwongo hayupo. Badala ya kukaa, akasukuma. Kwa hiyo mama alijua ni hatari? Alijua. Akasukuma tena, kwa kebehi: "Na bisibisi ulitoka nayo nyumbani, kwenye mkoba?"

"Hapana, baba. Ni ya kiwanda. Msimamizi ameifunga kwa kamba pale pale kwenye mashine, isipotee."

Mkanda akafunga jalada. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Mama yule alilipwa fidia yake, nami nilirudi ofisini kwa miguu. Mwezi mzima niliokuwa na jalada nilizungumza na mama yule, habari ya bisibisi sikuisikia. Mkanda aliipata siku ya kwanza, kwa kuwa alimwacha aliseme lile baya mpaka mwisho.

Tangu hapo vijana hupanga foleni mezani kwake. Binti yangu wa kumzaa, wakili wa ghorofa ya pili, humpelekea yeye majalada kabla sijayaona. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Baba, wewe unanihurumia. Baba mdogo ananiangusha kwanza, halafu ndiyo naenda mahakamani."

Asifikiriwe kuwa hakushindwa. Katika kesi ya dereva wa kreni alisubiri asukumwe, na upande wa pili haukumsukuma hata kidogo. Walikaa, naye akakaa, kesi ikamponyoka. Nilimnunulia chai siku mbili mfululizo kwa furaha, Mungu anisamehe. Alikunywa zote mbili akanishukuru.

Sasa anarudi. Dada yake amempakia rangi chumba, na watoto wa mtaa ule wameshajiandikisha kwa mwalimu wa judo ambaye hawajamwona. Juzi alikuja kusimama mlangoni kwangu. "Kaka, nyumba ina nafasi. Twende." Nilimwambia nitafikiri. Mtu aliyewavuta mawakili wa bima wote wa mji huu, mimi hakunivuta. Aligonga fremu ya mlango kidogo kwa kidole, akaenda kufunga maboksi yake.

Nimefikiri. Mke wangu amezikwa huku, nyuma ya hospitali, na Jumapili ni mimi ninayepalilia. Kule, aliyekuwa akinifungulia mlango hayupo tena.

Ndugu yangu, ofisi inakushukuru, na mimi nakushukuru kuliko ofisi. Fika salama, ukae vizuri na dada yako, mwili uwe na nguvu. Safari hiyo nayo nakuonea wivu. Mimi sirudi.