Waya wa Nane wa Fundi Wenseslaus

Baba Paroko, mama mkubwa Justina, wazee wa ukoo wa Materu shikamooni, majirani wa Uru, na nyinyi wa Soweto ya Moshi mjini mliopanda mlima tangu alfajiri, mimi naitwa Primus, mtoto wa Yakobo, mdogo wake marehemu, na nimepewa kusoma historia hii kwa sababu moja tu, nina sauti, maana shule niliiacha kidato cha pili na wote mnajua, ila kwa kupaza sauti ukoo huu hakuna wa kunigusa, hata mkizima hizo spika mtanisikia hadi barabarani.

Marehemu Wenseslaus Basili Materu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Uru, katika kihamba hiki, shamba hili la ukoo tuliposimama, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Basili na mama Monica, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akashuka Moshi mjini kusomea ufundi wa chuma, akahitimu mwaka 1978 na kupewa cheti, tofauti na baadhi yetu tunaojiita mafundi.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda kimoja kule tambarare, chini ya Mabogini, akiwa fundi wa nyaya za kunyanyulia mizigo, akafanya kazi hiyo miaka kumi na tano, na mwaka 1994 akafungua kibanda chake Soweto, ukuta mmoja na mzee Nurdin, fundi wa kuchomelea, ambaye wamegombania naye kivuli cha ukuta huo kwa miaka thelathini na hawakuwahi kununiana hata siku moja. Baba mkubwa alikuwa na kitambaa cha pamba mfukoni, kila waya alioletewa aliupangusa nao kutoka mwanzo hadi mwisho, kitambaa kikinasa uzi mmoja tu uliokatika, waya huo anautupa, uwe wako au wa askofu, na alikuwa anatuambia kwamba waya huanza kufa ndani wakati nje bado unang'aa. Kengele iliyotuita hapa leo inavutwa kwa waya aliousuka yeye mwaka 1998, na katika miaka yote hiyo hakuna waya uliotoka mkononi mwake ukakatika, hata mmoja, naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Tarehe 27 Juni 1987, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na mama mkubwa Justina, wakajaliwa watoto watatu, Theodora, Hosea na Eliona, na wajukuu watano, ambao wawili kati yao wanafanana naye hadi kwa ubishi.

Sasa hapa ndipo historia yake inapoachana na ya wazee wengine wa mlimani. Mwaka 2012 mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa mteja wake alirudi kwao, akamwachia mashua yake ya tanga iliyokuwa inaoza pembeni mwa bwawa la Nyumba ya Mungu, mashua iliyoundwa mwaka 1974, na nyinyi wa Uru mlicheka, msikatae, mlisema Mchagga asiyejua kuogelea amepewa mtumbwi, akaoge nao, na mimi nilicheka kuliko wote. Yeye alikuwa anashuka huko kila akipata nafasi, akaziba matobo, akashona tanga, akawazungusha wajukuu majini, lakini mama mkubwa hakuwahi kukanyaga ndani, kwa sababu mlingoti ule unashikwa na nyaya nane, moja mbele, moja nyuma na sita ubavuni, nazo zilikuwa na umri wa mashua yenyewe, na mama mkubwa alikuwa ameolewa na fundi wa nyaya muda wa kutosha kujua waya mzee ukoje.

Krismasi iliyopita, hapo uani, mbele yetu sote, alimwambia, "Badilisha zote nane, baba Theodora, siku ya ndoa yetu nitapanda."

Hapo mzee alirudi kuwa kijana. Alianza kazi mwezi wa pili mwaka huu wa 2024, mashua tumeivuta nchi kavu na kuikalisha juu ya magogo, na alifanya waya mmoja mmoja, haondoi wa zamani wa pili mpaka mpya wa kwanza umeshika, mimi nikamwambia huo ni uzee, nipe mimi nitamaliza zote kwa siku moja, akanijibu kwamba kumaliza hata moto humaliza nyumba. Zile za zamani alimletea mama mkubwa, ndizo hizo kamba za kuanikia nguo nyuma ya jiko.

Karatasi hii aliiandika dada Theodora, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na hapa pameandikwa kwamba Jumamosi tarehe 11 Mei, marehemu akiwa juu ya mlingoti, waya uliochoka ulikatika. Theodora hana kosa, ameandika alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Huo mstari siusomi.

Kila waya kule chini umeshikwa na pini, na pini inazuiwa na kotapini, kale kachuma kanakokunjwa miguu ili pini isichomoke. Ijumaa jioni mzee aliniachia waya wa nane, kotapini ikaniponyoka ikapotelea mchangani, na badala ya kusema, nikachomeka msumari, kama tunavyofanya kwenye mikokoteni, tena sikuukunja, nilisema nitaukunja baadaye, maana nilikuwa na haraka ya kujirekodi kwa simu nikiwaambia watu kwamba mashua ya kwanza ya Wachagga imekamilika na fundi ni mimi. Wengi wenu mliiona hiyo video, mkaipenda. Asubuhi mzee aliniuliza kama nimefunga vizuri, nikamwambia baba mkubwa, unamuuliza nani, akacheka, akakalia kile kiti cha ubao kinachopandishwa kwa kamba, mimi na mzee Nurdin tukamvuta juu akafunge kapi ya mwisho, mlingoti ukatikisika, msumari ukatoka, pini ikafuata, mlingoti ukaanguka naye.

Alivunjika nyonga na mbavu tano, akalazwa siku kumi na tisa. Siku ya kumi na mbili nilimpelekea jani la isale, kama ukoo huu unavyoombana msamaha, nikamweleza habari ya msumari, nikilia, mimi huyu mwenye mdomo. Alilipokea, akaliweka chini ya mto, akaniambia, "Sema waya ulikatika. Mimi naondoka, Primus, wewe ndiye unayebaki na watu."

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 30 Mei, saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa ananipa jina lake nijifunike nalo, jina la miaka arobaini na tano ya kazi, na mimi nililipokea, nikajifunika siku nne, sijalala hata moja. Leo nalirudisha. Waya wa nane uko kibandani Soweto, mzima kutoka mwisho hadi mwisho, anayetaka aende na kitambaa chake cha pamba akaupanguse.

Mama mkubwa, tarehe 27 Juni, siku ya ndoa yenu, nyaya zote nane zitakuwa mpya kama ulivyotaka, na hakuna wa kukupandisha. Nikishuka hapa nitakuja mbele yako na jani la isale, sikuombi ulipokee leo, wala mwaka huu, nitakuwa nakuja nalo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia mchana na usiku, mzee Nurdin aliyempakia kwenye gari lake na kumshikilia kichwa njia nzima, jumuiya ndogondogo, mafundi wa Soweto waliofunga vibanda vyao kuja kumzika mwenzao, na majirani mliopika, mliochimba na mliokesha nasi, kama kuna tuliyemsahau atusamehe, na ambao kwa habari niliyoisema leo hamtaweza tena kunipa mkono, nawaelewa.

Pumzika, baba mkubwa, kwa amani uliyotaka kuniachia mimi. Waya wako haukukatika.