Nilizisifu Breki na Gari Sina

Haleluya, watu wa Mungu! Haleluya tena! Sifa zote ni za Yesu, aliyenitoa kwenye uongo nikiwa nimevaa joho la kwaya!

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Mama Keza, nasimama safu ya mbele, sauti ya kwanza, na mliohamia juzi mtanijua kwa sababu naimba kwa nguvu kuliko wenzangu. Nimezaliwa Ngara, upande wa Tanzania, na nimekulia huko, ndiyo maana ibada hii ya Kiswahili ni nyumbani kwangu hapa Gikondo, Kigali. Leo sikuja kushuhudia ugonjwa. Nilikuwa mzima, nimeshiba, nina kazi nzuri, na nilikuwa shahidi wa uongo. Hapo ndipo Bwana aliponikuta.

Niwaeleze kazi yangu, maana mama zangu wengine hapa hudhani nauza vocha. Ofisi yetu iko Muhima, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Tuna tovuti. Mtu akitafuta fundi bomba, saluni, fundi umeme au gereji, anafungua simu yake, anaona majina, na chini ya kila jina anasoma walichoandika wateja waliotangulia na nyota walizotoa, kuanzia moja hadi tano. Mimi nilikuwa mlangoni. Maoni yote yalipita kwangu kabla watu hawajayaona.

Na nilikuwa hodari, acheni niseme! Wale wanaouza sifa kwa mafungu nilikuwa nawanusa kama mama anavyonusa maziwa yaliyoharibika. Watu kumi wanasifu saluni moja, wote asubuhi moja, wote wanasema "huduma bora, bei nafuu." Futa! Mwenye mgahawa anamtukana jirani yake kwa majina manne ya kubuni. Futa! Bosi wangu Doreen, dada aliyekulia Kampala, alizoea kuwaambia wageni wa ofisi, "Kwa huyu mama hapiti mtu." Nami kichwa kikavimba.

Sasa sikilizeni nilipoangukia. Tulikuwa na kikundi cha maombi kila Alhamisi baada ya kazi. Wengine wenu mlikuwemo, msiangalie chini. Tulizoezana kutamka kwa imani. Mtu hana nyumba, tunatamka: unayo! Mtu hana mtoto, tunatamka: tayari analia! Basi ndugu yetu Callixte akafungua gereji hapa hapa Gikondo. Alikuwa ameendesha lori miaka mingi, kazi ikaisha, akakodi kiwanja chenye shimo la kuingilia chini ya magari, akaliweka jina lake kwenye tovuti yetu. Wiki ya kwanza hakuja mteja hata mmoja. Alhamisi hiyo tulimwekea mikono tukaomba, na baada ya Amina kiongozi wetu akasema, "Sasa toeni simu. Baraka tuliyotamka, tuiandike."

Tukaandika! Watu kumi na tisa kwenye viti vya plastiki, vichwa chini, vidole vinakimbia. "Fundi mwenye upako." "Breki zake zinashika kwa jina la Yesu, nyota tano." Na mimi nikaandika hivi: "Nilimpelekea gari langu likiwa na breki mbovu, sasa nashuka milima ya Kigali bila hofu."

Kesho yake ofisini nikayakuta yote kumi na tisa yananisubiri. Yamefanana, yameandikwa saa ile ile, nyota tano tupu. Angekuwa mtu mwingine ningeyafuta kabla chai haijapoa. Lakini hawa nawajua! Hawa ni watu wa Mungu! Nikayapitisha yote, langu likiwemo, na wala sikuona aibu. Nilimshukuru Mungu kwa kuniweka kwenye nafasi ya kuwasaidia wenzangu. Tukanogewa. Alhamisi nyingine tukamwandikia dada mwenye saluni, nyingine fundi bomba. Hakuna aliyesema ni uongo. Tuliita kushikana mkono.

Ndugu zangu, sifa zile zilitembea. Zilifika mtaa wa Gitega, humu humu Kigali, kwa Mzee Shabani.

Mzee Shabani mnamjua hata kama hamjui jina lake, maana majoho yote ya kwaya hii ameyashona yeye. Ni Mwislamu, mtu wa heshima zake, babu yake alikuja hapa na biashara kutoka pwani. Ana pikapu kuukuu ya kubebea sare za shule, na breki zake zilianza kulia. Akafungua tovuti yetu. Na nani alikuwa amemwonyesha tovuti hiyo? Mimi! Siku ya kupimwa joho nilimwambia, "Mzee, humo hakuna uongo, nalinda mimi mwenyewe." Akaona gereji yenye nyota tano, akapeleka gari.

Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, anashuka kutoka Gitega na mzigo wa sare. Anakanyaga breki, breki hakuna. Mbele yake barabara imejaa watu. Akakata usukani, akajibamiza kwenye ukuta wa mawe. Mungu ni mkubwa, hakufa na hakumgonga mtu. Lakini mkono wake wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Mkono wa mshonaji, ndugu zangu! Mkono wa mkasi!

Mimi sikuwa na habari. Nilimwona tu anaingia ofisini, mkono umefungwa, unaning'inia shingoni kwa kitambaa. Hakupiga kelele. Alikaa, akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akaniwekea mezani. Kwenye kioo kulikuwa na maneno yangu, na juu yake jina langu.

"Mama Keza, hii ni wewe uliandika?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

"Gari yako iko wapi?"

Jamani! Mzee huyu amenipima joho mara mbili, na mara zote mbili nilifika kwake kwa pikipiki, kofia ya abiria ikiwa bado kichwani. Anajua sina gari. Sijawahi kuwa na gari. Hata kuendesha sijui! Mimi wa sauti ya kwanza nikaigeuza simu yake kifudifudi mezani.

Akasema taratibu, "Mimi niliona jina yako pale. Nikasema huyu namjua, huyu iko mlokole, hawezi kudanganya." Akachukua simu yake, akaondoka.

Nilishuka ngazi, nikaingia kwenye duka la mabati hapo chini, nikasimama katikati ya mabati nikalia mbele ya wateja. Nakiri mbele zenu, ombi langu la kwanza lilikuwa Doreen asijue. Niliomba hivyo kweli! Nilikuwa tayari nimepanga nipande juu, nifute langu moja, nikae kimya. Lakini Roho wa Bwana alinibana nisiweze kupanda ngazi ile na mpango ule. Nilijiona vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimelitumia jina la Yesu kuzisifu breki nisizozijua, na mtu aliyeamini jina hilo amevunjika mkono. Nikasema, Bwana, kazi ichukue, ushuhuda wangu nirudishie. Nikapanda ngazi.

Doreen alinisikiliza mpaka mwisho. "Sifa za hivyo ziko ngapi?" akauliza. Nikamwambia ni za kikundi kizima, za Alhamisi zote. Akajishika kichwa. "Mama Keza, mimi nimesimama mbele za watu nikasema kwako hapiti mtu! Sasa mimi nifanye nini na wewe?" Nilidhani nafukuzwa. Alinitoa mlangoni, akanipa simu ya ofisi, akaniamuru nimpigie kila mtu aliyewahi kuandika sifa, mmoja mmoja, na nianzie kanisani kwangu.

Nilipiga, wapendwa! Mlinijibu vibaya, nimesamehe. Nikafuta sifa zetu zote, na kwenye ukurasa wa gereji tukaandika wazi kwamba zilikuwa za watu ambao hawakuhudumiwa, mmoja wao mkaguzi mwenyewe. Kikundi kikanisusa. Niliambiwa nimewaaibisha watakatifu mbele ya mataifa. Jumapili tatu nilikaa benchi la nyuma kabisa, peke yangu, na niliimba kutoka huko huko mkanisikia.

Callixte ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa lile shimo lake, hana kazi. Akasema, "Mama Keza, mimi breki nilikuwa najua kukanyaga. Kutengeneza, nilikuwa najaribu tu. Lakini mliandika wote eti najua. Nikasoma, nikasema rwose, kweli kabisa, kumbe najua!" Maneno hayo yaliniumiza kuliko ya Mzee. Tulidhani tunamjenga ndugu yetu, kumbe tulimdanganya yeye wa kwanza.

Basi Callixte akafunga gereji. Mtu mzima mwenye mvi, akaenda kujifunza kwa fundi mkongwe, akamshikia tochi miezi na miezi bila kulalamika. Na katika zile wiki mkono wa Mzee ulipofungwa, Callixte aliazima gari akambebea sare mpaka mashuleni, kwa sababu kuendesha anajua kweli. Mimi Jumamosi nilikuwa nashona vifungo pale Gitega. Mzee alinifumulisha zaidi ya nusu!

Na ile simu ya ofisi, ndugu zangu, Mungu aliigeuza shule. Kwa kuwapigia watu mamia niligundua jambo ambalo miaka yote ya kunusa haikunifundisha. Mwongo anakueleza fundi ni mtu mzuri kiasi gani. Mteja wa kweli anakueleza bomba. Anakwambia lilivuja chini ya sinki, fundi alikuja amechelewa, alisahau koleo lake jikoni, na maji sasa yanatoka. Nikamwendea Doreen na mapendekezo, na leo ndivyo tunavyofanya kazi. Huandiki mpaka kazi iwe imeagizwa kupitia kwetu, au utuonyeshe risiti. Tunakuuliza ulitengenezewa nini na leo kinafanyaje. Tunakuuliza unamjuaje fundi, na jibu lako linaonekana na watu wote. Na mkaguzi haruhusiwi kupitisha neno la mtu anayemjua, hata awe mama yake. Sheria hiyo niliiandika mimi kwa mkono huu!

Acheni nijivune kidogo katika Bwana! Nimerudishwa mlangoni. Mwenye saluni mmoja wa Muhima alikuja na zawadi ya kitenge kizuri ajabu ili nimfumbie macho, nikamrudishia kitenge chake, nikamwambia asuke vizuri tu. Wauza sifa siku hizi wanatukimbia. Akina mama wanaingia tovuti yetu kutafuta fundi wa kuingia nyumbani mwao watoto wakiwepo, na wanaamini wanachosoma. Nikilala, nalala.

Wiki mbili zilizopita, Mzee Shabani alipeleka pikapu yake kwa Callixte. Hakuna aliyemwomba. Alimkuta amefungua tena, yule fundi mkongwe akiwa amemruhusu, akamwambia, "Haya, sasa tengeneza." Juzi maoni yakaingia ofisini. Mimi nilisimama nikatoka chumbani, maana wote wawili nawajua, akayasoma mwenzangu, akampigia Mzee, akayapitisha. Ndipo na mimi nikayasoma kwenye simu yangu kama watu wengine. Yanasema: "Breki zinashika. Nimeshuka Gitega na mzigo. Alichelewa siku mbili na hakuniambia pole." Nyota tatu.

Nyota tatu, kanisa! Pigeni makofi! Zile tano za kwanza tulizitoa sisi, na zilimvunja mtu mkono. Hizi tatu amezitoa aliyeumia!

Namshukuru Yesu aliyenibana kwenye ngazi. Namshukuru Mzee Shabani, ambaye hayupo hapa na hahitaji shukrani yangu. Na wewe uliyekaa hapo, unayedhani kazi ya ndugu yako haitabarikiwa mpaka uiongezee uongo kidogo, mwamini Mungu. Anaweza bila msaada huo. Una neno ulilotamka juu ya kitu usichokijua, kwenye simu, ofisini, kwa jirani? Lifute leo. Utatetemeka kidogo, kisha utaimba vizuri.

Callixte, simama, kaka yangu, watu wakuone. Usiinamishe kichwa! Wapendwa, huyu ndiye fundi wa nyota tatu. Mwenye breki zinazolia ampelekee kesho asubuhi. Na mkiandika, akichelewa, andikeni na kuchelewa kwake. Amina?