Joska Acayo na Sheria ya Blanketi

Marehemu Joska Acayo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1926 huko Kitgum, binti wa mzee Ochan, fundi matofali wa misheni. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, akatolewa ili kaka yake asome. Kaka huyo alianguka mtihani, na Joska alimkumbusha maisha yake yote, hata mbele ya wageni.

Mwaka 1947 alifunga ndoa kanisani na Erinayo Obwona, askari polisi, wakahamia Kampala, kwenye laini, zile safu za nyumba za askari, upande wa Nakawa. Walijaliwa watoto watatu. Bwana Obwona alikwenda kazini Februari 1972, hakurudi. Hapo hatuongezi neno.

Tangu 1958 marehemu aliajiriwa kuwaangalia wanawake waliowekwa mahabusu, ndiyo maana alikuwa na nyumba kwa jina lake. Wake wengine wa laini hawakuwa nayo. Nyumba ni ya askari. Mke akipigwa na kelele zikamfikia mkuu, mke ndiye aliyetolewa getini na watoto wake, pawe kimya. Na nje ya geti, miaka hii, kuna vizuizi vya wanajeshi. Mnajua wenyewe.

Mwaka 1973 alitolewa Concy, mke wa koplo Dawudi, jicho limefumba, mtoto mgongoni. Joska alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa laini, Afande Fadhul.

"Mama, mambo ya kitanda si ya serikali," Fadhul alimwambia.

"Kitanda ni cha serikali, Afande. Kina namba."

Fadhul alicheka. Hilo lilikuwa kosa lake, maana Joska alivuta kiti akakaa.

"Mtoe anayepiga. Kwenye bweni la makuruti kuna vitanda vitupu. Asubuhi utamkuta kazini, hujapoteza askari. Huyu mama ukimtoa, utampata wapi?"

Basi ikawa sheria ya laini: anayempiga mkewe anachukua blanketi lake, anakwenda kulala kwa makuruti, mke na watoto wanabaki ndani. Mwanzo iliharibika. Dawudi alikuta huko karata na pombe ya waragi, akanenepa, akaomba aongezewe wiki. Joska alirudi kwa Fadhul, wakaitengeneza upya: blanketi lipitishwe uwanjani mchana, wenzake wakiwa kwenye gwaride, na mtu asirudi nyumbani mpaka mkewe aseme mwenyewe, mbele ya wanawake wawili. Concy alikaa mwezi mzima bila kusema. Dawudi akakonda.

Vipigo vilipungua. Havikuisha, na marehemu hakupenda mtu aseme viliisha. "Wengine wamejifunza kupiga bila sauti," alisema, na kila asubuhi alisimama bombani akitazama mikono ya wanawake wanaochota maji.

Mwaka jana Fadhul alihamishwa. Afande Marjan, aliyemrithi, aliifuta sheria. Alisema laini si baraza la wanawake. Concy alitolewa tena, na Joska akamwingiza kwake pamoja na watoto. Wakati huo presha ilikuwa imemshika, miguu imevimba, dawa hazipatikani. Bado kila Jumatatu alijikokota hadi ofisini.

"Afande, nimekuja kwa lile jambo."

"Mama, nenda ukalale."

"Nitalala. Lile jambo je?"

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Machi 1978, Concy akimshikia kikombe cha maji.

Ameacha watoto watatu, Ochan, Safinah na Ogutu, wajukuu saba, na huyo kaka yake. Ameacha pia Concy na watoto wanne, ambao si wa damu yake, na ambao wameagizwa waiachie nyumba ya serikali Jumatatu.

Afande Marjan amefika, familia inamshukuru. Leo asubuhi aliulizwa watakwenda wapi, akasema atajibu baada ya maziko. Kaburi likishafukiwa, hatutaondoka. Tutakaa hapa tumsikilize.

Joska alichoka. Mungu ampe usingizi wa amani.