Mahali Nilipopaacha Wazi

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ninapowaona nyote wawili. Wewe Ronnie, kifungua mimba wangu, kaa hapo miguuni, na wewe Jacky, hapa karibu na mto, na kile kioo kisimame dirishani katikati yenu kama nilivyoagiza. Muuguzi amenipa dawa ya maumivu, naye ameniambia kwa upole kwamba itanilaza, basi niacheni niseme kabla usingizi haujanishinda. Jacky, ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu, maadamu unasikia.

Nyumba hii ya Doonside niliyoinunua na marehemu baba yenu iuzwe, mgawane sawa kwa sawa; wakili anajua, silirudii. Mnizike huku huku ugenini, msihangaike na harambee ya kunisafirisha hadi kwetu Maragoli. Brashi zangu mpeni Déborah, binti wa jirani zetu Wakongo, maana ndiye pekee aliyewahi kuniuliza zinavyooshwa. Naye mzee Kariuki, aliyesimama kanisani enzi zile akasema kwamba mama anayechora majoka na majumba ya wachawi kwa ajili ya sinema amejiuza kwa shetani, mwambieni nimemsamehe kabisa. Ila siku ya mazishi asipewe kipaza sauti, maana msamaha ni kitu kimoja na hotuba zake ni kitu kingine.

Sasa nisikilizeni kwa hili linalonikaa moyoni. Mlikua mkijua mama anakwenda kazini Seven Hills, kwenye ghala la watu wa filamu, lakini sikuwahi kuwaeleza vizuri nilichokuwa nikifanya huko. Kabla kompyuta hazijaichukua kazi yetu, mfalme wa hadithi alipohitaji ngome, hakuna aliyemjengea. Tulitengeneza kijingome cha mbao na plasta kinachokufika kiunoni, au mimi nilichora ngome juu ya kioo, tukakisimamisha mbele ya kamera, na sehemu ya chini nikaiacha bila rangi, ili kamera ipenye hapo iwaone waigizaji waliosimama mbali uwanjani. Mtazamaji akaona watu wanapanda barabara ya ngome, kumbe ngome iko hapa na watu wako kule. Maji ndiyo yaliyotusumbua, maana unaweza kuufanya mto uwe mdogo lakini tone la maji halikubali kupunguzwa, linakuumbua mbele ya watu. Na nyuma ya ngome hii, iliyo kwenye kioo hiki cha dirishani, nilichora mawe ya kwetu Maragoli, yale makubwa yaliyobebana, na watu wa mji huu wakasifu ubunifu wangu, nami nikacheka kimoyomoyo.

Ronnie, nilipolazwa hospitali ulikikuta kioo hiki gerejini, ukaona chini hakuna kitu, ukadhani mama alishindwa kumaliza. Ukanunua rangi, ukajaza majani na maua, ukitaka nikirudi nifurahi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe mtoto mtiifu ukaziba. Lakini ule haukuwa ufa, baba, watu walikuwa wanapita hapo. Nilipokiona nililia, sikatai, na Jacky aliponiona nalia akakutolea maneno ambayo dada hamwambii kaka yake, kwamba umeharibu kitu pekee nilichobaki nacho, na kwamba hukuwahi kunijua mimi ni nani. Tangu siku hiyo Jacky anakuja kuniogesha ukiwa kwenye shifti, na gari lako likiingia yeye ameshatokea mlango wa nyuma, nami nalala hapa nikisikiliza milango ikifungwa. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa.

Jacky, maua ya kaka yako ni mabaya, tukubaliane, lakini aliyachora kwa kunipenda. Na wewe Ronnie, dada yako alikuwa akinililia mimi, wala hakuwa akikuchukia. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Nimelima nikiwangoja, wanangu, na msimu wangu wa kuvuna ndio huu, sina mwingine.

Rangi juu ya kioo haina mizizi. Ronnie, chukua ule wembe mezani uyakwangue maua, ulaze, usiusimamishe, anza pembeni. Jacky, shika kioo kisiteleze. Shika vizuri, hata mkigusana mikono hamtaungua. Polepole, usifike kwenye barabara, hiyo ni yangu. Hivyo. Hivyo, baba.

Mmepaona uani kwetu sasa, hapo palipokuwa na maua?

Kioo hiki sikigawi. Ni chenu wote wawili, na kisiuzwe, maana mmoja akikaa nacho peke yake atakuwa na ngome isiyo na mtu. Ndivyo kilivyo. Mmoja lazima aende akasimame mbali, na mwingine abaki hapa amtafute mpaka miguu yake ikanyage barabara. Mimi nilijaribu peke yangu, baba yenu alipofariki. Haiwezekani.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Mungu aliyenivusha bahari na awavushe nanyi. Asiwanyime watu wa kuwaita jina. Mkikoseana, jua lisichwe mara nyingi kabla hamjatafutana. Ninawapenda. Ninawapenda wote wawili, sina mizani.

Ronnie, nenda uani, simama kule karibu na kamba ya nguo. Nenda tu, nitakuwa hapa. Jacky, weka kichwa kwenye mto wangu, hapa, shavu kwa shavu, halafu ufunge jicho moja... Mwanga ni mzuri. Nilichora jua la saa hii.

Ameshafika? Yuko kushoto mno, anaelea hewani huyo... Asogee. Mwambie asogee, Jacky. Mwambie wewe, mwanangu, mimi sauti imekwisha.